Tafsiri ya Istilahi za Viza: Maoni juu ya Kijitabu Kimoja

Meza yetu ya istilahi imeletewa kijitabu cha kurasa 32, kilichopigwa chapa Dar es Salaam pasipo kutajwa mwaka, ambacho kinakusudia kuwaeleza wafanyakazi wenye ujuzi na watu wenye biashara zao namna wawezavyo kupata viza za kwenda kuishi na kufanya kazi Uingereza na Marekani. Jina la wakala aliyekitoa na la mfasiri wake tunayaacha, kwani tulichokusudia ni kuyapima maneno tu. Aliyetuletea ni mpishi wa hoteli moja ya pwani, mtu mwenye cheti cha ufundi stadi na miaka tisa ya kusimama jikoni. Alikuwa amekisoma mara mbili, akauza kiwanja, akalipa ada za wakala, na baada ya miezi kadhaa akajibiwa kwamba kazi yake haimo katika zile zinazokubaliwa. Alikiweka kijitabu mezani, akauliza: "Ndugu zangu, nyinyi ndio watu wa lugha. Hivi mimi si stadi?"

Hatukuwa na jibu la papo kwa papo. Tumekisoma kijitabu chote, tukakilinganisha na kanuni za nchi hizo mbili kama zilivyoandikwa kwa Kiingereza, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Yafaa tuanze kwa kumtendea haki mfasiri. Kiswahili chake ni safi. Upatanisho wa kisarufi umezingatiwa, sentensi hazikwami, na hakuchomeka maneno ya Kiingereza katika kila mstari kama wafanyavyo wengi wanapoandika mambo ya ofisi. Kosa moja tu la kuchekesha tumeliona, katika ukurasa wa 11, ambapo ile ruhusa ya kukaa Uingereza bila kikomo imeitwa "likizo ya kubaki isiyo na mwisho", kwa sababu neno la Kiingereza lenye maana ya ruhusa ndilo hilo hilo lenye maana ya likizo. Kosa la namna hii halimdhuru msomaji, kwa kuwa hulicheka, kisha akauliza. Linalodhuru ni neno zuri la Kiswahili, lililozoeleka, ambalo msomaji hulielewa upesi, na hulielewa sivyo.

La kwanza, tena zito kuliko yote, ni neno uhamiaji. Sheria ya Marekani huzigawa viza zote katika mafungu makubwa mawili. Fungu la kwanza ni la watu wanaoingia ili kufanya makao ya kudumu, nao ndio wapewao ile kadi ya kijani. Fungu la pili ni la watu wanaoingia kwa shughuli maalumu na kwa muda: mtalii, mwanafunzi, mhandisi aliyeajiriwa kwa viza ya H-1B, meneja aliyehamishwa na kampuni yake kwa viza ya L-1. Mfasiri ameyaita mafungu hayo "viza za uhamiaji" na "viza zisizo za uhamiaji". Kwa kamusi hakukosea. Kitenzi ni kuhama, kauli ya kutendea ni kuhamia, na ahamiaye ni mhamiaji. Tusemapo kwamba Serikali imehamia Dodoma hatuna maana kwamba mawaziri wamekwenda huko kwa mkutano wa juma moja. Tuna maana kwamba wamehama na mafaili, samani na familia zao. Basi kuhamia ni kufanya makao, na viza ya uhamiaji ingepaswa kuwa viza ya kufanya makao.

Lakini kwa Mtanzania wa kawaida uhamiaji ni idara, ni sare, ni muhuri. Ofisa wa uhamiaji ndiye amgongeaye muhuri mtalii wa siku tano anayekwenda Ngorongoro, na idara hiyo hiyo ndiyo itoayo pasipoti kwa mtu anayekwenda Muscat kuwasalimia ndugu zake. Hakuna kati ya wawili hao aliyehamia popote. Neno limepanuka likachukua maana ya usimamizi wote wa kuingia na kutoka nchini, na limepanuka kiasi kwamba msomaji akiona "viza ya uhamiaji" husoma "viza itolewayo na watu wa uhamiaji", yaani viza yoyote. Tulimwuliza mwenzetu wa ofisi ya jirani, ofisa msomi, ni nini maana ya "viza isiyo ya uhamiaji". Akafikiri kidogo, kisha akajibu kwamba bila shaka ni ya wale wapitao njia za panya.

Ubaya wa mkanganyiko huu ulionekana wazi mwanzoni mwa mwaka 2026. Tangazo la Rais wa Marekani la tarehe 16 Desemba 2025, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, liliitia Tanzania katika nchi ambazo raia wake walizuiwa kwa sehemu. Waliozuiwa walikuwa ni wale wote wa fungu la kwanza, na katika fungu la pili wageni wa matembezi na wa shughuli za kibiashara, wanafunzi, na washiriki wa mipango ya kubadilishana wageni. Viza za kazi za muda, mathalani H-1B, L-1 na O-1, hazikutajwa miongoni mwa zilizosimamishwa. Sasa mtu akiandika kwa Kiswahili kwamba "viza za uhamiaji kwa Watanzania zimesimamishwa", mhandisi mwenye barua ya ajira mkononi atadhani njia yake nayo imefungwa, na huenda akaiacha ajira ile ipite. Naye aliyekuwa akingojea makao ya kudumu, ambaye habari ile ilimhusu hasa, anaweza kuambiwa na wakala kwamba ni jambo la wasafiri tu, alipe awamu ya pili ya ada. Sentensi moja, wasomaji wawili, na wote wawili wamepotoshwa.

Wako wenzetu wanaosema tutumie "viza ya ukaazi" na "viza ya muda". Ukaazi kwetu, hata hivyo, una kazi yake tayari. Kibali cha ukaazi cha Tanzania, kiwe cha daraja A cha mwekezaji na mfanyabiashara, cha daraja B cha mwajiriwa, au cha daraja C cha wengineo, ni kibali cha muda kinachohuishwa, wala mwenye nacho hahesabiwi kuwa amepewa makao ya milele. Ukiongeza "wa kudumu" jina huwa refu, na majina marefu hukatwa na makarani siku ya tatu tu.

Sisi twaona liko neno ambalo tumelitupa chini ya kabati: kulowea. Kulowea ni kukaa ugenini hata ugeni ukakuishia. Katika kikao mwenzetu mmoja alitukumbusha kwamba kitenzi hicho ndicho kilichozaa mlowezi, na kwamba walowezi ni wale waliotwaa ardhi ya nyanda za juu za Kenya na ya Rhodesia. Hivi kweli tumpe jina hilo muuguzi wa Kibaha anayekwenda Texas? Hoja hiyo ina uzito wala hatuidharau. Lakini kilichochafuka ni nomino. Husemwa hadi leo kwamba fulani alikwenda Mombasa arusini akalowea huko huko, na hakuna afikiriye kwamba ametwaa shamba la mtu. Kwa hiyo twapendekeza viza ya kulowea kwa fungu la kwanza na viza ya muda kwa fungu la pili, na huyo mwenye kulowea aitwe kwa jina lolote jingine isipokuwa mlowezi.

Turudi kwa mpishi. Kijitabu chaandika, katika kurasa za Uingereza na za Marekani sawasawa, "viza ya mfanyakazi stadi". Hapa nchini neno stadi limefungamana na ufundi stadi, yaani mafunzo ya useremala, uashi, umeme, upishi na kadhalika, yaliyowekwa chini ya mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mwenye cheti hicho ni stadi kwa kauli ya Serikali yake. Uingereza ilianzisha njia hiyo ya viza tarehe 1 Desemba 2020, na wakati ule kiwango cha kazi kilichotakiwa kilikaribiana na elimu ya kidato cha sita. Mpishi mkuu aliweza kuingia. Tarehe 22 Julai 2025 kiwango hicho kilipandishwa hadi kazi za ngazi ya shahada, isipokuwa kazi kadhaa zilizotajwa katika orodha maalumu, na mshahara wa chini wa kawaida ukawekwa kuwa pauni 41,700 kwa mwaka. Mpishi akaanguka nje. Aidha, kipimo hicho hakitazami cheti cha mtu. Hutazama kazi anayokwenda kuifanya: mwenye shahada ya sheria akienda kuwa mhudumu wa mezani hafai, ijapokuwa shahada anayo. Jambo hili kijitabu hakikuligusa hata kwa neno moja, na jina "mfanyakazi stadi" lamfanya msomaji ajitazame yeye mwenyewe badala ya kuitazama kazi.

Marekani mambo ni tofauti kabisa. Katika kundi la EB-3, ambalo ni la kulowea, mfanyakazi stadi ni yule ambaye kazi yake yahitaji mafunzo au uzoefu usiopungua miaka miwili. Wenye shahada ya kwanza wana kifungu chao pembeni, na wa kazi zinazohitaji chini ya miaka miwili wana chao. Kwa mizani hiyo kazi ya mpishi wetu yaweza kuwa ya kistadi bila ubishi. Basi jibu tulilompa lilikuwa hili: wewe ni stadi Tanzania, waweza kuwa stadi Marekani, na Uingereza ulikuwa stadi hadi tarehe 21 Julai 2025. Hakucheka. Aliuliza kama njia ya Marekani bado iko wazi, ikatubidi tumsomee tangazo lile la Desemba.

Kusema kweli Kiingereza chenyewe ndicho kilichoanza kukosea, kwa kuita kwa jina moja vitu viwili visivyolingana. Kazi ya mfasiri haimpi mamlaka ya kurekebisha sheria za watu. Hata hivyo hana budi kutomwongezea msomaji mtego. Twashauri kwamba neno stadi lisitumike peke yake katika mambo haya. Mara ya kwanza jina lifuatwe na kipimo chake: mfanyakazi wa kazi ya ngazi ya shahada kwa Uingereza, na mfanyakazi wa ufundi wa miaka miwili kwa Marekani. Wanaolalamikia urefu wawaulize waliouza viwanja.

Neno la tatu latuhusu sisi wenyewe. Kijitabu chasema: "Mfadhili wako aliyeko Uingereza atakupatia cheti cha ufadhili." Katika orodha moja iliyotoka mezani petu miaka kadhaa iliyopita neno hilo la Kiingereza lilifasiriwa kuwa mfadhili, kwa kuwa lilichukuliwa kutoka katika mambo ya michezo, ambako tajiri hununulia timu jezi na kulipia basi. Hatukufikiri zaidi ya hapo. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa kijitabu hungojea mtu wa kumlipia nauli. Mfadhili kwa Kiswahili ni mtenda fadhila, mtoaji. Nchi wafadhili ni nchi zinazotoa fedha. Mwajiri wa Uingereza hatoi fadhila yoyote. Ni mtu mwenye leseni ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi yake, anayeiambia Serikali kwamba kazi iko, mshahara ni huu, na mtu nitakayemwajiri ni huyu. Mfanyakazi asiporipoti kazini, au ajira ikikatika, mwajiri hana budi kuarifu, na asipofanya hivyo leseni yake yaweza kufutwa. Hapa Kiswahili kina neno lililo sahihi kuliko hata lile la asili: mdhamini. Kila aliyewahi kusimama mahakamani kumtolea ndugu yake dhamana anajua kwamba mdhamini si lazima atoe fedha, ila ataulizwa mtu wake yuko wapi. Orodha ile isahihishwe, na neno liwe mdhamini.

Na hicho "cheti" ndicho kilichomtia hasara mpishi. Kwa Kiswahili cheti ni karatasi: ina nembo, sahihi na muhuri, na huwekwa katika fremu. Kile aitwacho hivyo na Waingereza ni maandishi ya kumbukumbu yaliyomo katika kompyuta ya Serikali yao, na anachopewa mfanyakazi ni namba tu ya kumbukumbu hizo, ambayo huiandika katika maombi yake ya viza. Hakuna karatasi ya kutamanisha. Mpishi alionyeshwa karatasi nene yenye muhuri wa rangi ya dhahabu, naye, kwa kuwa kijitabu kilimwahidi cheti, akaona ahadi imetimia. Tukisema namba ya udhamini, mwenye kuuza karatasi hatakuwa na cha kuuza. Yafaa pia ijulikane kwamba tangu tarehe 31 Desemba 2024 mwajiri wa njia hiyo ya viza amekatazwa kumrudishia mfanyakazi mzigo wa ada ya leseni yake na ada ya namba hiyo. Ada ya viza na tozo ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ilikuwa pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, ni juu ya mwombaji, isipokuwa mwajiri akipenda kumlipia. Kijitabu kinaiita tozo hiyo "bima ya afya", jambo ambalo silo, kwa sababu hana hati ya bima wala kampuni ya kumdai.

Sura ya wenye biashara ndiyo fupi kuliko zote katika kijitabu, na ndiyo yenye fedha nyingi zaidi. Yaanza na "viza ya biashara", kwa maana ya B-1 ya Marekani. Msomaji mwenye duka la vipuri Kariakoo akisoma hivyo ataona kwamba akiwa na viza hiyo aweza kufungua duka Houston. Hawezi. B-1 humruhusu kuhudhuria mikutano, kutazama bidhaa na kujadiliana mikataba, kisha arudi. Neno ziara liko, na latosha: viza ya ziara ya kibiashara.

Kisha zinafuata "viza ya mwekezaji (ndogo)" na "viza ya mwekezaji (kubwa)", kana kwamba ni soda. Ile "kubwa" ni EB-5. Kwa sheria ya Machi 2022 huhitaji mtaji wa dola 1,050,000, au dola 800,000 katika maeneo maalumu yaliyotajwa, pamoja na kuzalisha nafasi kumi za kazi za kutwa. Hiyo ni viza ya kulowea, ingawa miaka miwili ya kwanza huwa ya masharti. Ile "ndogo" ni E-2. Haina kiwango cha fedha kilichoandikwa. Husemwa tu kwamba mtaji uwe mkubwa wa kutosha kwa biashara inayohusika, na mwenye mtaji aende kuiendesha mwenyewe. Inahuishwa kadiri biashara inavyoishi, hata miaka ishirini. Lakini yenyewe haimpi mtu kadi ya kijani, na mtoto aliyeingia kwa viza ya mzazi wake akifikisha miaka 21 hutoka katika kivuli hicho, ajitafutie njia yake. Hizi ni bidhaa mbili tofauti. Mtu aliyedhani kwamba ameanza na ndogo ili apandishwe kwenye kubwa atangoja sana.

Liko jambo kubwa zaidi. E-2 hutolewa kwa raia wa nchi zilizomo katika orodha ya mikataba maalumu tu. Tanzania haimo, wala Kenya, wala Uganda, wala Burundi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo, kwa mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1984 na kuanza kutumika mwaka 1989. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Bukavu au Lubumbashi aweza kuomba, ilhali mwenzake wa Kigoma, mwenye mtaji ule ule na pengine mwenye kuuza dagaa wale wale wa ziwa lile lile, hawezi. Mfasiri ameandika "raia wa nchi zenye mkataba na Marekani". Ni nchi gani isiyo na mkataba wowote na Marekani? Rwanda ina mkataba wa uwekezaji na nchi hiyo ulioanza kutumika mwaka 2012, na bado haimo katika orodha ya E-2. Ingetosha kuandika "nchi zilizomo katika orodha ya E-2", na kuitaja Tanzania kwa jina kwamba haimo. Kwa kijitabu kilichochapwa Dar es Salaam hilo lingekuwa mstari wa kwanza wa sura. Kwa istilahi, twapendekeza mwekezaji wa mkataba kwa E-2, na mwekezaji wa kulowea kwa EB-5.

Kwa upande wa Uingereza, kijitabu bado kina ukurasa mzima juu ya viza ya mwekezaji wa pauni milioni mbili. Njia hiyo ilifungwa tarehe 17 Februari 2022. Hilo halihusu istilahi, lakini hatuwezi kulipita kimya. Iliyokuwapo badala yake kwa mwenye wazo la biashara ni ile iliyoanza tarehe 13 Aprili 2023, ambayo humtaka mtu apate ithibati ya chombo kilichoidhinishwa kwamba wazo lake ni jipya, lawezekana, na laweza kukua. Mfasiri amemwita mtu huyo "mvumbuzi". Mvumbuzi huvumbua madini au dawa. Mwanzilishi mbunifu ni afadhali.

Mengine tutayataja kwa haraka. "Uwezo wa ajabu", kwa viza ya O-1, wamfanya mwanasayansi aonekane kama mcheza mazingaombwe. Iwe uwezo wa pekee. "Msamaha wa maslahi ya taifa" hauna maana hata kidogo, kwani taifa halikukosewa na yeyote. Kinachosamehewa ni sharti la kuwa na mwajiri, kwa hoja kwamba kazi ya mtu huyo ina manufaa kwa Marekani. Iandikwe hivyo hivyo.

Neno maombi, hata hivyo, halipitiki kwa haraka. Katika njia ya kawaida ya kulowea kwa ajira Marekani kuna hatua tatu zenye wahusika tofauti. Kwanza mwajiri huiendea Wizara ya Kazi ili ithibitishwe kwamba hakupatikana mfanyakazi wa huko. Pili mwajiri huyo huyo huwasilisha hati kwa mamlaka ya uraia na uhamiaji akimwombea mtu wake. Tatu mfanyakazi mwenyewe huomba viza ubalozini. Kijitabu kimeziita zote tatu "maombi". Ndiyo maana watu husherehekea wakisikia "maombi yamekubaliwa", kumbe ni hatua ya pili, na ya tatu iko mbali. Kwa hatua ya pili twapendekeza neno ambalo wazee wetu walilitumia na sisi tumelisahau: arzihali. Arzihali iliandikwa kwa mwenye mamlaka, mara nyingi na mwandishi aliyejua kuandika, kwa niaba ya mwenye shida. Ndivyo ilivyo hasa hapa: mwajiri aandika, mfanyakazi angoja. Basi mwajiri ana arzihali, mfanyakazi ana maombi, na kila mtu ajue ni cha nani kilichokubaliwa.

Kungoja nako kumefasiriwa vibaya. Siku ambayo mtu huhesabiwa kuwa ameingia katika mstari imeitwa "tarehe ya kipaumbele". Kipaumbele ni kutangulizwa mbele ya wengine, ilhali hapa hakuna anayetangulizwa. Mtu amepewa tu nafasi yake nyuma ya waliomtangulia. Tarehe ya foleni ndilo jina lake. Na foleni hiyo haihesabiwi kwa uraia kama kijitabu kidaivyo. Viza za kulowea kwa ajira ni kama 140,000 kwa mwaka, kila nchi ina kikomo cha asilimia 7, na mtu huhesabiwa katika nchi aliyozaliwa. Mtanzania aliyezaliwa India, nao wako wengi miongoni mwetu, kwa kawaida husimama katika foleni ya India, ambayo katika baadhi ya makundi ni ya miaka mingi. Kwa tofauti hii Kiswahili kina maneno yote mawili tayari, uraia na uzawa. Mfasiri alikuwa nayo, akachukua lisilo lake.

Liko moja ambalo hatujaliweza. Sheria ya Marekani humruhusu mwenye H-1B au L-1 kuwa na viza ya muda na papo hapo kukusudia kulowea, pasipo kuhesabiwa kuwa amedanganya. Kijitabu kinaziita "viza za nia mbili". Katika sikio la Mswahili mwenye nia mbili ni ndumilakuwili, mtu wa kutoaminiwa. Maana imegeuka kichwa chini. Mwenzetu mmoja alitoa "nia pacha", jina zuri ambalo halisemi kitu. Mwingine alitoa "viza ya muda inayoruhusu kukusudia kulowea", ambalo lasema yote, na halitoshi katika kisanduku chochote cha fomu. Kikao kilivunjika saa tisa bila kuafikiana. Wasomaji wenye neno watuletee kabla ya toleo lijalo.

Nakala ya kijitabu yenye masahihisho yetu pembeni tumempelekea wakala, na nyingine amechukua mpishi, kwa kuwa alisema ana wenzake wanne wa jikoni waliokuwa wakijiandaa kulipa. Wakala, hadi tunakwenda mitamboni, hajajibu.